Kupanda Kilima Kilicho Karibu



Mwezi huu twataka kusema habari ya jambo dogo, ambalo wengi huliona kuwa la kipuuzi: kupanda kilima bila kutumwa na mtu, bila kufuata kuni, wala kutafuta mbuzi aliyepotea. Sisi tukaao Kurui, katika wilaya ya Kisarawe, si wageni wa vilima. Hupanda aendaye shamba, hupanda achomaye mkaa, hupanda mtoto awahiye shule. Lakini ukimwambia jirani, "Nimekwenda kilimani, nikaketi, nikatazama, nikarudi," mara atakuuliza, "Ulipoteza nini huko?"

Nasi tuliulizwa. Siku ya kwanza tuliposhuka, watu wanne, mikono mitupu, mzee mmoja alisimama njiani akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ya huruma, "Wanangu, kuna msiba?" Tulipomjibu ya kuwa hakuna msiba, tumekwenda kutembea tu, alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mmeshiba." Tulicheka, naye akacheka. Lakini neno lake lilitufanya tufikiri, maana ni neno la haki. Mtu mwenye kazi nyingi atapataje saa ya kupanda kilima bure? Somo hili ni jibu letu kwake, na kwa kila asemaye kama yeye.

1. Mlima na kilima

Tusemapo habari za kupanda, wengi hufikiri Kilimanjaro. Mlima ule wajulikana duniani kote, kimo chake mita 5,895. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji yake tarehe 11 Mei 1848, na alipoandika habari hiyo, baadhi ya wenye elimu huko Ulaya walikataa kuamini. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Baadaye Mchungaji Richard Reusch wa Misioni ya Leipzig aliupanda mara nyingi, na mwaka 1926 alimkuta huko juu chui aliyekufa na kugandishwa na baridi. Hata leo shimo lililo ndani ya Kibo laitwa kwa jina la mchungaji huyo.

Habari hizi ni nzuri kusoma, lakini hazitufai sana sisi watu wa Uzaramo. Aupandaye mlima ule hana budi kuwa na fedha, na viongozi wa njia, na nguo za baridi, na siku tano au zaidi. Nchi yetu haina mlima wa namna hiyo. Iliyo nayo ni miinuko, mabonde, na vilima vya mchanga na udongo mwekundu. Hata vilima vya Pugu na Kisarawe, ambavyo mtu atokaye Dar es Salaam huviona kuwa nchi ya juu, kimo chake ni kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari.

Tena kilima kidogo kina heshima ambayo mlima mkubwa hauna, nayo ni hii: kiko karibu. Mlima mkubwa mtu huupanda mara moja, kisha huusimulia maisha yake yote. Kilima cha nyuma ya nyumba aweza kukipanda kila juma, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, akiwa kijana na akiwa mzee. Akipandaye mara hamsini hukijua kama ajuavyo uso wa ndugu yake; likitokea badiliko lo lote, huliona.

2. Watu wengine wafanyao hivi

Huenda mtu akasema, "Haya ni mambo yenu wenyewe, hapana watu wengine wafanyao hivi." Sivyo. Katika nchi ya Scotland, bwana mmoja, Hugh Munro, alitoa mwaka 1891 orodha ya milima yote ya nchi yake yenye kimo cha futi 3,000 na zaidi, yaani mita 914. Watu wakaanza kuipanda mmoja baada ya mwingine. Aliyehesabiwa kuwa wa kwanza kuimaliza orodha ile, mwaka 1901, hakuwa askari wala tajiri, alikuwa mchungaji wa kanisa, Archibald Robertson. Siku hizi milima hiyo huhesabiwa 282, na maelfu ya watu wamekwisha kuimaliza.

Lakini linalotuhusu zaidi ni hili. Mwaka 1992 mtu mwingine, Alan Dawson, alitoa orodha ya namna nyingine. Hakuuliza, "Kilele hiki kiko juu kiasi gani kutoka baharini?" Aliuliza, "Kilima hiki kimeinuka kiasi gani kupita nchi inayokizunguka?" Kikiwa kimeinuka mita 150, alikiandika, hata kama kilele chake ni kifupi kuliko mabonde ya nchi nyingine. Wengine walimfuata, wakaandika orodha za vilima vilivyoinuka mita 100, hata mita 30 tu. Basi watu waliokuwa mbali na milima mikubwa walijikuta wana vilima vya kuhesabu karibu na kwao. Kwa kipimo hicho hapana kijiji cha Kisarawe kinachopaswa kuona haya kwa ajili ya kilima chake.

3. Kupima kilima kwa chupa ya maji

Twawaletea sasa kazi ambayo walimu waweza kuifanya pamoja na vijana, nayo haina gharama. Twaeni chupa nyeupe, ile ionyeshayo maji ndani. Itieni maji nusu, mfunge kifuniko, muilaze ubavu. Uso wa maji husimama sawa siku zote, hata chupa ikiinama. Ndiyo maana waashi hutumia pimamaji.

Mmoja na asimame chini kabisa ya kilima. Aiweke chupa mbele ya jicho lake, atazame kwa kufuata uso wa maji mpaka aone mahali unapogusa mteremko ulio mbele yake. Mwenzake aende akasimame pale pale. Kisha yeye mwenyewe apande hata mahali hapo, atazame tena vile vile. Kila mara amepanda kimo cha jicho lake. Ikiwa jicho lake liko mita moja na nusu kutoka ardhini, basi mara kumi ni mita 15.

Kilima chetu tulikipima hivi, tukahesabu mara 42, yaani mita 63. Vijana walisikitika kidogo, maana walidhani ni mita 200. Lakini walisahau masikitiko yao tulipofanya hesabu ya pili.

Hesabu ya pili ni hii. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mtu asimamaye penye nchi tambarare, au ufuoni mwa bahari, haoni mbali sana: upeo wa macho yake ni kama kilometa nne na kidogo. Akipanda juu, upeo huenda mbali. Kanuni yake si ngumu. Chukua kimo kwa mita. Tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa kimo hicho. Kisha uizidishe kwa tatu na nusu. Hizo ndizo kilometa. Kilima chetu pamoja na kimo cha mtu ni kama mita 64. Nane mara nane ni 64. Nane mara tatu na nusu ni 28. Basi, kama nchi ingekuwa tambarare na hewa safi, mtu aliye juu ya kilima hiki kidogo angeona mpaka kilometa 28. Kwa kupanda mita 63 tu, upeo wake umekuwa mkubwa zaidi ya mara sita.

Na jasho lake ni kiasi gani? Mwaka 1892 bwana mmoja wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapandaji huitumia hata leo: saa moja kwa kila kilometa tano za njia, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Yaani kila mita kumi za kupanda ni dakika moja. Kilima chetu chatuongezea dakika sita. Tulimpelekea mzee wetu hesabu hii, tukamwambia, "Baba, ni dakika sita tu." Akajibu, "Za miguu yenu. Za kwangu ni ishirini." Lakini juma lililofuata alikuja.

4. Tuliyoyaona kutoka juu

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mara za kwanza tulipopanda tulitazama mbali. Tulitazama mashariki, upande wa Dar es Salaam na bahari. Tulitazama magharibi, iliko milima ya Uluguru, lakini ukungu wa moshi ulitufunika. Ni kawaida ya mgeni kutazama mbali. Tulipozoea ndipo tulipoanza kutazama karibu, miguuni petu.

Mzee wetu ndiye aliyetuonyesha. Aliketi juu ya jiwe, akapumua, akanyosha fimbo yake kuelekea upande wa nyuma wa kilima, ambako hatuna mashamba wala hatuna sababu ya kupita. Akasema, "Pale palikuwa na miti." Tukatazama. Palikuwa na visiki, na mahali peusi palipochomwa matanuri ya mkaa, moja, mbili, tatu, hata saba. Chini yake mlikuwa na korongo, na chini ya korongo ile chemchemi ambayo wanawake wetu huchota maji. Kila mtu kijijini alijua ya kuwa siku hizi maji hukauka mapema, hata kabla ya kiangazi kuwa kikali. Wengine walisema mvua zimepungua. Wengine walisema kisima kimezeeka. Hapana aliyekwenda kutazama juu yake.

Tukaulizana nani aliyekata. Hatukuuliza muda mrefu. Mmoja wetu alisema polepole, "Magunia niliyonunua mwezi uliopita yalitoka upande huu." Mwingine akasema, "Na mimi." Ndipo tukanyamaza. Mkata miti alikuwa jirani yetu, mwenye watoto watano shuleni, nasi tulikuwa wanunuzi wake.

Twasema haya bila kumhukumu mtu. Mkaa ni riziki ya nyumba nyingi katika wilaya yetu, na mji wa Dar es Salaam haushibi mkaa. Lakini aonaye chungu chake tu hajui moto wake watoka wapi. Kilima kile cha mita 63 kilituonyesha kwa mara moja chungu, na moto, na kisiki, na chemchemi.

Tulikwenda kwa jirani yetu jioni. Hatukwenda kama wazee wa baraza. Tulikwenda kama watu wenye deni. Tukamwomba apande nasi. Alipanda, akatazama, akasema, "Kutoka kule chini sikuona ya kuwa ni pengi hivi." Tulipatana ya kwamba ukanda ulio juu ya korongo usiguswe tena, nasi tusinunue mkaa utokao pale, hata ukiletwa kwa bei ndogo. Visiki vingine vimechipuka. Chemchemi bado ni dhaifu, nasi hatusemi ya kuwa imepona. Lakini sasa iko chini ya macho ya watu.

5. Kilima cha jirani na mto wa jirani

Mambo haya si ya kijiji kimoja. Mto Msimbazi, upitao katikati ya Dar es Salaam na kuingia baharini, huanza katika vilima vya Pugu na Kisarawe. Miti ya vilimani huyapokea maji ya mvua na kuyaachilia polepole. Ikiisha, maji hushuka yote pamoja, na udongo huenda nayo. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilileta mafuriko Dar es Salaam, na watu wapatao 40 walikufa. Mafuriko yale yalikuwa na sababu nyingi: mvua yenyewe, na nyumba zilizojengwa mabondeni, na mifereji iliyoziba. Lakini akaaye bondeni hawezi kusema ya kuwa kilima hakimhusu, wala akaaye kilimani hawezi kusema ya kuwa bonde halimhusu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu, au ziwezazo kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Tulipoisoma sheria hiyo tulikumbuka kilima chetu, maana mita 60 sasa twazijua kwa miguu.

Wakaao karibu na mji wa Kisarawe wanao msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ulio hifadhi ya mazingira asilia. Ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Mnakaa komba mdogo aitwaye komba wa Rondo, ambaye hupatikana Tanzania tu, katika misitu michache. Karibu yake kuna mapango yaliyochimbwa na watu zamani kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini. Sasa popo wamefanya makao humo, na jua likichwa hutoka kwa wingi kama moshi. Lakini hifadhi si kilima cha kujiendea. Mtu haingii ila kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

6. Mashauri kwa apandaye

Kwanza, nenda mapema. Saa kumi na mbili asubuhi jua halijawa kali, na hewa ni safi kuliko saa nyingine zote.

Pili, usiende peke yako, tena mwambie mtu mmoja nyumbani njia utakayopita na saa utakayorudi.

Tatu, vaa viatu, uchukue fimbo na maji ya kunywa. Fimbo hutangulia mguu majanini, na nyoka hupata nafasi ya kuondoka.

Nne, wakati wa kiangazi jihadhari na upupu. Usipite chini ya vikonyo vyake upepo uvumapo. Sisi tulipita, tukashuka mbio, na mzee wetu hajaisahau siku ile.

Tano, ukisikia ngurumo, shuka. Kileleni na chini ya mti ulio peke yake si mahali pa kungojea mvua ipite. Nao udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni.

Sita, usikate njia mpya. Njia moja yatosha kilima kimoja. Njia kumi ni makorongo kumi wakati wa masika.

Saba, kilima chaweza kuwa na makaburi, au shamba la mtu, au mahali wenyeji wanapopaheshimu. Piga hodi kwa wenyewe, uombe ruhusa.

Na mwenye ugonjwa wa moyo au wa kifua aulize kwanza mganga wa zahanati. Kwa wengine wetu hapana dawa nyepesi kuliko hii. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atembeze mwili wake kwa nguvu ya kiasi dakika 150 au zaidi kila juma. Alimaye kwa jembe amekwisha kuzipata, wala hatumwongezei mzigo. Lakini mwalimu, na karani, na mwenye duka, na aendaye kila mahali kwa bodaboda, wao waangalie. Shinikizo la damu na kisukari si magonjwa ya watu wa mjini tu tena.

7. Jibu letu kwa mzee

Mzee wetu alisema, "Mmeshiba." Sasa twamjibu hivi. Baba, hatukupanda kwa kuwa tumeshiba. Tulipanda bila kujua sababu, na sababu tuliikuta huko juu. Mtu huenda shamba akaliona shamba, huenda kisimani akakiona kisima, huenda sokoni akaliona soko. Hapana safari hata moja kati ya hizo impayo nafasi ya kuyaona yote pamoja, jinsi moja linavyolishika jingine. Kwa hiyo yafaa kuwe na safari moja isiyo na haja, ili haja tulizozisahau zipate kuonekana.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Kilima kilicho karibu kuliko vyote na nyumba yako ni kipi? Ulikipanda lini mara ya mwisho, na kwa haja gani?

2. Kipimeni kwa chupa. Kimo chake ni mita ngapi? Upeo wake ni kilometa ngapi?

3. Maji mnayokunywa yatoka wapi? Ni nani kati yenu aliyekwenda kutazama nchi iliyo juu ya chemchemi hiyo?

4. Mkaa wa nyumbani kwako ulikatwa wapi? Kama hujui, utamwuliza nani?

5. Ni mzee gani katika mtaa wenu awezaye kupanda nanyi na kuwaambia, "Pale palikuwa na miti"? Mwendeeni kabla ya masika, mkapande kwa mwendo wa miguu yake.